Sanaa ya taa za LED kwa nguvu ya jua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameletwa kwangu na wasanii, mafundi wa sola na vijana wanaotaka kuwasha kazi zao ufukweni, shambani au juu ya paa, mahali ambapo nguzo ya umeme haijafika, au imefika lakini umeme wenyewe hauaminiki. Nafanya kazi hii pwani ya Tanzania, kwa hiyo mifano yangu imejaa chumvi, joto na mvua za masika. Msomaji wa Dodoma au Nakuru apunguze chumvi, aongeze vumbi.

Nianze kununua nini: paneli, betri au taa?

Usinunue chochote bado. Nenda mahali kazi itakapokaa, saa mbili usiku, siku isiyo na mwezi, ukae nusu saa bila kuwasha simu. Utaanza kuona vitu ambavyo ulipofika hukuviona: weupe wa mchanga, ukingo wa ukuta, povu la mawimbi. Giza hilo ndilo litakaloamua ukubwa wa betri yako.

Nilipofunga taa kwenye tanga la mashua kuukuu, mezani nilikuwa nimepanga kutumia wati 60. Usiku wa kwanza ufukweni zilikuwa zinaumiza macho. Nikashusha, nikashusha tena, nikaishia wati 9, na wavuvi waliokuwa wakirudi walisema wameliona tanga kabla hawajaiona nchi kavu. Ukipunguza nguvu ya taa hadi robo, jicho huona kama mwanga umepungua nusu tu. Hapo umeshaokoa robo tatu ya betri kwa kuacha jicho lifanye kazi yake.

Bruce Munro, msanii wa Uingereza, alizindua kazi yake ya Field of Light karibu na mwamba wa Uluru, Australia, mwaka 2016: vijiti zaidi ya 50,000 vyenye tufe la mwanga kileleni, vikiwashwa kwa nguvu ya jua katikati ya jangwa. Tufe moja pekee ni hafifu. Nguvu ya kazi ile imo katika wingi wa nukta na giza la jangwa.

Nitajuaje kazi yangu inakula umeme kiasi gani?

Kwa kupima. Mikanda mingi ya LED inayobadilika rangi punje kwa punje, yaani kila taa ndogo kivyake, ile ya volti 5 yenye chipu za WS2812B, huandikwa kwamba kila punje inakula hadi miliampea 60 ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote. Mkanda wa mita 5 wenye punje 60 kila mita una punje 300, yaani ampea 18, yaani wati 90. Ukinunua betri kwa hesabu hiyo utafilisika.

Hakuna kazi nzuri inayowaka nyeupe tupu kwa nguvu zote usiku kucha. Bluu peke yake hutumia theluthi ya nyeupe. Mwanga unaotembea huacha punje nyingi gizani. Kwa hiyo tengeneza mchoro wako wa mwanga kwanza, uunganishe na umeme wa nyumbani kupitia adapta ya volti za mkanda, weka kipimo cha wati kati ya chanzo na mkanda, uuache ucheze saa nzima, kisha usome jumla ya wati-saa. Kipimo hicho ni kidogo kama kiberiti na bei yake haizidi ya mkanda wenyewe. Kama una kimoja tu cha kununua wiki hii, nunua hicho.

Nikishapata wati, napigaje hesabu ya betri na paneli?

Tuchukue mkanda ule ule wa punje 300, na kipimo kimesema wastani ni wati 15. Unawasha saa moja usiku, unazima saa sita usiku. Hiyo ni saa 5, sawa na wati-saa 75. Ongeza kinachopotea kwenye kipunguza volti na nyaya, weka 85.

Betri iweze kubeba usiku tatu bila jua la maana, kwa sababu kwenye masika siku tatu za wingu ni jambo la kawaida. Mara tatu ya 85 ni 255. Usiikamue betri ya lithiamu zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo unahitaji yenye wati-saa 320 hivi. Betri ya volti 12.8 na ampea-saa 25 inakupa hizo hizo 320.

Paneli ihesabiwe kwa siku mbaya. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki hupata wastani wa saa 5 hivi za jua kamili kwa siku, lakini siku ya mawingu mimi huhesabu 3, na katika hizo huondoa asilimia 30 kwa joto, vumbi na hasara nyingine. Gawanya 85 kwa 3, kisha kwa 0.7: wati 40. Hiyo inarudisha ulichotumia jana tu. Betri iliyokwisha kushuka kwa siku tatu inahitaji ziada ya kupandia, kwa hiyo funga wati 80. Wengi hubana hapa kwenye paneli ili wanunue betri kubwa, na betri kubwa isiyojaa hata siku moja, hasa ya risasi, hufa mapema kuliko ndogo inayojaa kila siku.

Betri gani inafaa?

Lithiamu ya fosfati ya chuma, inayoandikwa LiFePO4. Hustahimili kuchajiwa na kutumika mara 2,000 na zaidi, kemia yake si nyepesi kushika moto kama lithiamu za simu, na yenye ampea-saa 25 unaibeba kwa mkono mmoja ukipanda ngazi. Ni ghali siku ya kununua. Betri ya risasi ya mzunguko mrefu inatakiwa isishuke chini ya nusu, na hata ukiitunza hivyo huhesabika kwa mamia ya mizunguko.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, chaji kontrola, kifaa kinachosimamia umeme kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, iwe na mpangilio wa lithiamu, ikomee kati ya volti 14.2 na 14.6, isiwe na ile hali ya kusawazisha ambayo betri za risasi huhitaji. La pili, usijaribu kujua kiasi kilichobaki kwa kusoma volti. Betri hii hukaa kwenye volti 13.2 hivi kwa muda mrefu sana, kisha huanguka ghafla. Unataka kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Nina betri ya gari, N70, imekaa bure. Naweza kuitumia?

Kwa maonyesho ya usiku mmoja, ndiyo. Kwa kazi ya kudumu, hapana. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache kuamsha injini, kisha ijazwe papo hapo. Ukiishusha kila usiku hadi chini, sahani zake huharibika ndani ya miezi. Ukilazimika, tumia theluthi yake tu, na iweke mahali penye hewa kwa sababu ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Na seli za kompyuta mpakato zilizotupwa?

Seli zile ndogo za mviringo ni nzuri zikiwa nzima, lakini kujua ipi ni nzima ni kazi ya siku nyingi: kuchaji kila moja, kuishusha, kuipima, kuiacha na kuipima tena. Nimewahi kuona moja ikiwaka mezani. Moto ule hauzimiki kwa kitambaa. Kwenye kazi inayosimama karibu na watu au makuti, siziweki.

Paneli ya wati 100 inatoa wati 100?

Mara chache mno. Namba hiyo hupimwa paneli ikiwa na nyuzi joto 25, na paneli iliyo juani Tanga saa sita mchana hupita nyuzi 60. Kila nyuzi moja juu ya 25 hula asilimia 0.3 hadi 0.4. Weka vumbi na kinyesi cha ndege, utasoma 70 na kitu. Acha nafasi ya hewa kati ya paneli na bati, upana wa kiganja, utaona tofauti.

Kivuli ni kibaya kuliko joto. Kuti moja la mnazi linalopita juu ya paneli linaweza kukata zaidi ya nusu ya umeme, kwa sababu seli zimefungwa kwa mfuatano, na iliyo kivulini huwazuia wenzake. Kaa siku nzima uangalie kivuli kinapotembea kabla hujatoboa paa.

Nielekeze paneli wapi?

Tanzania, iangalie kaskazini. Nairobi na Kampala, karibu na ikweta kabisa, mwelekeo si jambo kubwa. Lakini popote ulipo usiilaze bapa: mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unaruhusu mvua iioshe, vinginevyo matope hukauka kwenye ukingo wa chini na kufunika safu nzima ya seli.

Chaji kontrola ya PWM au MPPT?

Kwa paneli moja ndogo ya volti 18 na betri ya 12, PWM, inayounganisha paneli na betri moja kwa moja kwa kuwasha na kuzima haraka, inatosha na ni rahisi. Kama umepata paneli kubwa ya nyumba yenye volti 30 au zaidi, chukua MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea, kwa sababu PWM itaishusha paneli hiyo hadi volti ya betri na wati zilizobaki zitapotea bure. Wakati wa kufunga, betri iunganishwe kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli ndiyo itoke kwanza.

Nahitaji inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani?

Hapana. LED zinataka umeme wa moja kwa moja, na betri inatoa huo huo. Inveta hula wati kadhaa hata kazi ikiwa haijawashwa.

Mkanda wa volti 5 au wa 12?

Kazi ikizidi mita mbili au tatu kutoka kwenye betri, chukua wa 12. Chukua waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, urefu wa mita 10, kwenda na kurudi ni 20, na mzigo wa wati 50. Kwenye volti 5 hizo ni ampea 10, na njiani utapoteza volti 1.5 katika zile 5. Mkanda hauwezi kuishi na 3.5. Kwenye volti 12, wati hizo hizo ni ampea 4 na kidogo, unapoteza 0.6 katika 12, na hakuna jicho litakalogundua.

Kama mkanda wa 5 ndio ulio nao, peleka volti 12 mpaka kwenye kazi yenyewe, weka kipunguza volti pale pale miguuni mwa sanamu.

Na fyuzi. Iwe kwenye waya wa chanya, umbali usiozidi kiganja kutoka kwenye betri. Mafundi wengi wazuri huiacha kwa sababu "ni volti 12 tu". Volti 12 haikurushi, ndiyo, lakini betri ya lithiamu ikigusanishwa chanya na hasi hutoa ampea za kutosha kuufanya waya kuwa mwekundu na kuwasha makuti.

Kwa nini nyeupe inageuka nyekundu mwisho wa mkanda?

Volti imeishia njiani. LED ya bluu na ya kijani zinahitaji volti nyingi kuliko nyekundu, kwa hiyo volti ikishuka, nyekundu hubaki peke yake. Peleka waya mwingine wa umeme mpaka mwisho wa mkanda, au uulishe kila baada ya mita mbili na nusu. Waya wa data usiuguse, huo unaingia mwanzoni tu.

Bluu hiyo ilisumbua wanasayansi kwa muda mrefu. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuifanikisha, na bila hiyo tusingekuwa na LED nyeupe kabisa.

Rangi zinarukaruka bila mpango. Mkanda umeharibika?

Pengine hapana. Angalia kwanza kama hasi ya kontrola ya rangi na hasi ya mkanda zimeungana. Hilo huponya nusu ya wagonjwa. Kisha kumbuka kwamba bodi ndogo za kompyuta zinazoamuru rangi, kama ESP32, huongea kwa volti 3.3 na mkanda unasubiri 5, kwa hiyo weka chipu ya kupandisha ishara, 74AHCT125, na rizista ya omu 330 hivi kwenye waya wa data. Fupisha waya huo kadiri uwezavyo.

Taa zimezimwa lakini betri inaisha. Umeme unakwenda wapi?

Punje iliyo nyeusi haijalala. Chipu iliyo ndani yake inasubiri amri, na inakula karibu miliampea moja. Punje 300 ni wati 1.5, kwa saa 24 ni wati-saa 36: karibu nusu ya kinachotumika kwa onyesho la usiku mzima! Ukate umeme wenyewe mchana, usiridhike na kuamuru rangi nyeusi.

Chaji kontrola nyingi zina tundu la mzigo linalojiwasha jua likizama na kujizima baada ya saa ulizopanga. Paneli yenyewe ndiyo jicho: volti yake ikishuka, kontrola inajua ni magharibi. Lakini jihadhari. Kontrola nyingi za bei ndogo hukata upande wa hasi. Kama hasi ya mkanda na hasi ya betri zote zimegusa fremu ile ile ya chuma, umeme unapita kwenye fremu, na taa zitawaka mpaka asubuhi. Nilizunguka siku mbili nikitafuta kosa hilo, na lilikuwa skrubu moja.

Nizuieje chumvi na mvua?

Chumvi haiingii kwa pigo moja. Huingia na unyevu, usiku, pale boksi lililopata joto mchana linapopoa na kuvuta hewa. Ndiyo maana boksi lililozibwa kila upande mara nyingi hukutwa na maji ndani. Mimi hutoboa tundu dogo chini kabisa, nikaweka wavu wa kuzuia sisimizi, ili linalopumua lipumue na linaloingia litoke.

Nunua waya uliopakwa bati kama wa boti. Shaba tupu hugeuka kijani chini ya ganda lake, na ukikata unakuta unga. Viungo vilehemiwe kwa risasi, visisokotwe, kisha vifunikwe kwa mrija wenye gundi unaosinyaa kwa moto. Na silikoni: inuse kabla hujanunua. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba. Omba isiyo na harufu ya siki, ingawa itakubidi uzunguke maduka mawili matatu.

Betri iwe kivulini, isikae ndani ya boksi jeusi juani. Betri ya risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25.

Kunguru na wezi je?

Kunguru hudonoa silikoni na kuvuta nyaya nyembamba. Pitisha nyaya kwenye bomba la plastiki. Kuhusu wizi, paneli iliyo juu ya paa la mtu anayelala pale ina usalama kuliko iliyofungwa kwa kufuli kumi ufukweni. Mkubaliane na mwenye paa, naye apate taa na tundu la kuchajia simu kutoka kwenye mfumo huo. Ongeza wati 20 kwenye hesabu, ni bei ndogo.

Naweza kuweka kazi ufukweni kasa wanapotagia?

Watamu, Mafia na fukwe nyingine zetu ni mahali kasa hupanda kutaga. Vifaranga vyake hutoka mchangani usiku na kufuata upeo ulio angavu zaidi, ambao tangu zamani umekuwa bahari. Taa nyeupe au ya bluu upande wa nchi kavu huwageuza, wakatambaa kuelekea kwetu mpaka wakauke au waliwe. Tafadhali usiweke kazi pale msimu wa kutaga. Kama ni lazima pawe na mwanga, uwe wa kaharabu au mwekundu, uwe chini, umekingwa usionekane kutoka kwenye maji, na uongee kwanza na walinzi wa kasa wa eneo hilo. Mimi niliondoa kazi moja kwa ajili hiyo, na sijaijutia. Hata bara, bluu na nyeupe huita wadudu wengi: mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi watakuonyesha.

Nahitaji ruhusa?

Kwenye Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa kale wa Lamu, ambayo ni miji ya urithi wa dunia tangu 2000 na 2001, ndiyo, tena kabla hujatoboa hata tundu moja. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Skrubu ya chuma hupata kutu, huvimba na kupasua. Funga kwa kamba, au simamisha kazi kwa miguu yake yenyewe.

Masika yote jua halionekani. Nizime?

Andika mchoro wa pili wa mwanga. Tanga langu kuanzia Machi hadi Mei halikuwaka lote. Ilibaki nukta moja ya kaharabu inayopanda polepole kutoka chini mpaka ncha, ikizimika, ikianza tena, chini ya wati moja pamoja na kontrola. Watu wa pale waliupenda mwanga huo kuliko ule wa kiangazi, na walipouona umebadilika waliniuliza kama mvua zimeshaanza upande wangu.

Betri ikifa niipeleke wapi?

Kwa mnunuzi wa betri chakavu anayezipeleka kiwandani nzima. Usimwage asidi, na usimpe mtu anayeyeyusha risasi uani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha risasi kwenye udongo, hewani na katika damu ya watoto. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, aliongoza mapambano ya wakazi, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri za lithiamu zirudishe kwa muuzaji zikiwa zimefunikwa vichwa kwa utepe, na muulize kuhusu hilo siku unayonunua, pesa ikiwa bado mfukoni mwako.